Mapigo Manne ya Kimya

Mwalimu Fulgensi Chitanda katuletea zaburi mpya.
Maneno ni yale yale, ya mateka waliorudishwa kwao
wakadhani wanaota.
Tuni ndiyo ngeni. Kaiandika usiku, kwa penseli,
d, r, m, f, migongoni mwa stakabadhi za korosho
ambazo chama hakijazilipa.

Ni mwezi wa saba. Salfa imetanda Newala nzima,
imeingia kooni, imeingia kwenye mikunjo ya khanga.
Kila anayeshika karatasi huacha dole la njano.
Ukiitazama nakala yangu utajua niliposita:
mstari wa tatu. Hapo pamechafuka kuliko pote.

Hapo sauti ya kwanza wanakaa la,
sisi wa pili tunaambiwa tukae so,
tusiwafuate, tusiwakimbie,
tusuguane nao tu,
wifi na wifi, jiko moja.

"Umekosea," akasema Mzee Likwata wa besi,
aliyeimba chini ya mapadri wanne
na vinanda viwili vilivyoliwa na mchwa.
"Zaburi haina ugomvi."
Mwalimu hakuinua macho.
"Mzee, mtu anapanda huku analia.
Unataka alie vizuri?"

Nikamkumbuka mama.
Mwaka ule mtama uliobaki ulienea kwenye kibuyu kimoja,
nasi watoto tulikijua kilipofichwa, tulikinusa.
Akakitoa alfajiri, akatupita mlangoni,
akaenda kuufukia ardhini mbele ya macho yetu.
Nilidhani analia kwa sababu ya baridi.

Nikaishika so yangu.

Kisha tukafika kwenye lile neno, Kusini.
Zaburi inaomba mambo yageuke
mfano wa mito ya Kusini,
na kwaya ikasimama yenyewe, hakuna aliyeisimamisha.
Kusini si sisi?
Ndivyo redio inavyotuita.
Ndivyo wanavyotuita Dar wanapotaka kusema mbali.
Na huku juu hakuna mto.
Mto uko bondeni: simama ukingoni mwa Shimo la Mungu
utauona Ruvuma ukimeta,
wa kutazamwa.
Wa kunywewa unapanda kwa baiskeli, dumu kwa dumu, kwa bei ya mpanda.

"Najua," akasema Mwalimu. "Ndiyo maana baada ya Kusini
nimeweka mapigo manne ya kimya.
Msihesabu kwa mguu. Sikilizeni."
Tusikilize nini? Alikuwa ameshaanza kuchonga penseli.

Jumapili tukaimba, tukalifikia neno, tukanyamaza.

Moja. Mtoto akakohoa, salfa.
Mbili. Bati likalia kwa jua.
Tatu. Nje, mnyororo mkavu, kwi, kwi,
baiskeli ya Bakiri Nanjota, madumu sita,
na ndani ya madumu maji yakijigonga,
chubwi,
chubwi,
wazi kabisa, kana kwamba naye alipewa nakala.
Nne. Anatoria wa sauti ya kwanza akacheka.

Kicheko kilikuwa kimeandikwa, ndiyo, huko mwanzoni,
na huko tulikuwa tumekitamka kwa nyuso za matanga.
Sasa kikatoka mahali ambapo hakikuandikwa,
kikapita kwetu, kikashuka kwa wanaume,
kikamfikia Likwata, akafunika uso kwa karatasi,
mabega yakimcheza.
Mwalimu mkono ulikuwa bado hewani.
Mapigo yakawa saba, labda tisa.

Tulipoingia tena
so na la zilisuguana vilevile,
nami sikutaka ziachane.

Baada ya misa nikamtafuta Bakiri.
Limebaki dumu moja, na mimi sina kitu.
Akalishusha, akalisukuma kwa mguu hadi kwangu.
"Hadi mnada," akasema.
"Hadi mnada," nikaitikia,
na sijui kwa nini nilikuwa bado kwenye so.